Cheti cha uasili wa bidhaa kutoka TCCIA Dar: kinafaa, ila kagua msimbo

Tangu Marekani itangaze ushuru wa 10% kwa bidhaa zetu za Tanzania Aprili 2025, masoko ya jirani yamepanda thamani, na cheti hiki cha TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo), kinachothibitisha kuwa bidhaa imetoka hapa, ndicho kinachoshusha ushuru huko. Huduma nzuri, hasa kuombea mtandaoni. Kinachokwamisha ni msimbo wa HS (namba ya kimataifa ya kutambulisha aina ya bidhaa): tarakimu 6 za mwanzo zikipishana kati ya ankara na cheti, forodha ya mnunuzi inaweza kukataa nafuu ya ushuru na kudai ushuru kamili. Uzito nao usome sawa kila karatasi. Korosho ghafi hazisumbui, zimelimwa hapa. Sabuni yenye malighafi ya nje ndiyo hudai mchanganuo wa gharama, kuonyesha kiasi kilichotoka hapa. Mzigo unaokwenda nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizoorodheshwa, una cheti rahisi cha mpakani.