Nimeng'oa ukingo wa plastiki bustanini, nimeweka mawe: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: mawe yanalipa, ila kazi yenyewe iko chini ya udongo, haiko kwenye jiwe unaloliona. Naishi Tegeta, Dar es Salaam. Mbele ya nyumba nina vitalu vya maua, pembeni nina cha mchicha na matembele, na mawe yangu yameshapita vuli na masika. Masika ndiyo mtihani, maana mvua ya Aprili huku kwetu haibembelezi mtu.

Plastiki niliyoiondoa ni ile nyeusi inayouzwa kwa roli na kushikizwa kwa vijiti vya kupigilia ardhini. Mwanzoni inapendeza na inawekwa upesi, hilo siinyimi. Lakini udongo wetu ni wa kichanga, haushiki vijiti. Mvua ikipiga, maji yanapenya chini yake, yanaichomoa, na mbolea yote inahamia kwenye ukoka. Jua nalo linaikausha mpaka inapasuka ukiigusa. Kijana wa kufyeka majani akipita na mashine ya uzi, kila mara inang'oka kipande. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia: vijipande vyeusi nilikuwa navikuta kwenye udongo wa mchicha tunaoula. Nchi imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Sioni kwa nini plastiki nyingine isagike kwenye mboga zangu.

Kwa Dar utakutana hasa na mawe ya aina mbili. Kuna ya matumbawe, meupe yenye vitundu, yanayotoka machimbo ya upande wa Kunduchi na Boko. Ni mepesi kidogo, yanachongeka kwa tindo, na kwa sisi wa huku usafiri wake hauumizi. Kuna yale magumu ya kijivu yanayotoka Lugoba, njia ya Chalinze. Hayo ni mazito na gari ndilo linalokula hela.

Watu wengi wanachagua kwa bei. Mimi nakuomba uangalie kwanza umepanda nini. Matumbawe ni chokaa. Mvua inavyoyaosha, chokaa inashuka kwenye udongo polepole na kuupunguzia uchachu. Bogenvilia na mshubiri havina shida na hilo. Iksora ina shida kubwa: udongo ukizidi chokaa, mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma, majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu huongeza mbolea wakidhani mmea una njaa, na njano inabaki palepale. Kwa hiyo kitalu cha iksora nimekizungushia mawe ya Lugoba, na bogenvilia nimeipa matumbawe. Muuzaji asipojua anauza jiwe gani, lidondoshee siki. Likitoa povu, ni chokaa.

Muulize pia yametoka wapi. Matumbawe ya machimbo ni ya kale, yalibaki nchi kavu bahari ilipojitenga nayo. Ukiletewa yaliyovunjwa baharini, yakatae, tafadhali, ndiyo makazi ya samaki. Na mawe au mchanga wa kuchota mtoni vilevile: kingo za mito yetu hapa Dar zimeliwa vya kutosha na nyumba za watu zinaning'inia.

Uwekaji sasa. Fundi wangu alisimama na sururu akaniambia, "Dada, hapa pasipochimbwa, mvua ikija utaniita tena." Tukavuta kamba, tukachimba mtaro wa kina cha sentimita 15 hivi, upana ukizidi jiwe kidogo. Chini tukamwaga kokoto ndogo zenye vumbi lake, unene wa sentimita 5, tukamwagia maji na kushindilia. Mawe yenye urefu wa sentimita 25 yakasimamishwa juu yake, chini kidogo ya nusu ikiwa ardhini, upande mpana ukiwa chini, kisha tukajaza udongo pande zote na kushindilia tena. Saruji sikutaka kabisa. Maji lazima yapate pa kutokea, la sivyo kitalu kinakuwa beseni na mizizi inaoza.

Kwa ukubwa huo, jiwe gumu linakwenda karibu kilo 70 kwa kila mita ya ukingo. Piga hesabu hiyo kabla ya kuita gari, kwa sababu kuita gari mara ya pili kwa mawe machache ni hasara tupu.

Masika yalipoisha hakuna jiwe lililohama. Udongo umebaki ndani, na mashine ya uzi inapita kando bila kuharibu kitu, ingawa uzi wenyewe unaisha haraka zaidi kwenye mawe.

Kero zipo. Majani yanachipua katikati ya mawe na ukoka unatambaa juu yake, hivyo lazima upite na kisu mara kwa mara. Wakati wa mvua konokono na majongoo wanajificha humo mchana na kuhamia kwenye mchicha usiku. Mimi huwaokota alfajiri kabla jua halijatoka. Mwenye watoto wadogo asiweke mawe yenye ncha kali juu, ayachonge.

Na uliyepanga nyumba, usiogope. Mawe yasiyo na saruji unayachimbua, unayapakia na kuhama nayo. Kabla hujaanza tu, kubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi kwamba ni yako.