Mawe ya Bukini au ya Cappadocia?

Sisi tuliokulia Makunduchi, Unguja, tunaojua jiwe la matumbawe la uwandani linavyokata makubadhi, Tsingy ya Bukini, yaani Madagaska, inatugusa upesi. Ni mawe ya chokaa ya bahari ya kale, ila mvua imeyachonga yakawa visu virefu kama minara. Unavuka madaraja yanayoning'inia, umefungwa mkanda kiunoni, chini ni korongo tupu. Tatizo njia: msimu wa mvua barabara haipitiki, basi nenda Juni hadi Oktoba.

Cappadocia, Uturuki, ni jivu la volkano lililoganda, laini hata watu wakachimba nyumba na makanisa humo. Kufika rahisi, ukiwa na mama mtu mzima, mpeleke huko.

Mimi nachagua Bukini. Nimeyashika yale mawe: makali, yamejaa vishimo, kama ukuta wa nyumba ya bibi usiopigwa lipu.