Albamu ya Safari ya Daktari Tajiri: Naples, Misri na Shamu, Miaka ya 1890

Albamu hii, niliyoinunua mnadani Uingereza, ilikuwa mali ya daktari Mwingereza mwenye uwezo mkubwa, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1890 alisafiri kutoka Naples hadi Misri, kisha akapitia Yerusalemu na kumalizia Beirut. Nimeikagua ukurasa kwa ukurasa, na naona inastahili bei yake ya paundi 640 pamoja na ada ya mnada, ingawa sababu zangu si zile alizozitangaza mnadi.

Mnadi alisifu picha kubwa, na ni kweli zinapendeza. Ni zile ambazo wasafiri wenye fedha walizinunua njiani katika maduka ya wapiga picha, na ambazo mara nyingi huwa na jina la studio na namba pembeni chini. Za Naples na magofu ya Pompeii ni kazi ya Giorgio Sommer, Mjerumani mzaliwa wa Frankfurt aliyefanya maisha yake Italia. Za Misri ni za ndugu wawili Wagiriki, Zangaki, na za Yerusalemu na Baalbek, mji wa magofu ya Kirumi huko Lebanon, ni za studio ya Bonfils, iliyofunguliwa Beirut mwaka 1867 na Félix Bonfils, na kuendelezwa na mjane wake, Lydie, pamoja na mwanawe Adrien, baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1885. Hata hivyo picha za aina hii zilichapwa kwa wingi, na anayezitaka moja moja bado atazipata bila shida.

Utajiri wa albamu hii umo katika vijipicha vya duara vilivyobandikwa kando ya picha hizo kubwa. Kamera ya kwanza ya Kodak, iliyoingia sokoni mwaka 1888, ilikuwa na filamu ya picha 100, kila moja ikiwa duara lenye kipenyo cha karibu sentimita 6 na nusu, na mwenyewe aliipeleka nzima kiwandani ili filamu isafishwe na nyingine itiwe. Daktari alikuwa nayo mkononi. Katika ukurasa wa Giza, piramidi ya Zangaki imesimama kwa utaratibu na ukimya, lakini pembeni yake daktari amemnasa mvulana akivuta hatamu ya punda asiyetaka kwenda, na mbele yao mchangani kimelala kivuli cha mpiga picha mwenyewe, kofia na viwiko vikionekana wazi.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa Cairo. Watalii wengi walitoka huko na misikiti na masoko. Yeye alikwenda Kasr al-Ainy, hospitali iliyopokea mwaka 1837 shule ya tiba ambayo Clot Bey, tabibu Mfaransa wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliianzisha Abu Zaabal miaka 10 kabla. Picha zake za pale zimetikisika kidogo, lakini wagonjwa waliokaa barazani wanaonekana vizuri, na chini yake ameandika kwa wino mweusi idadi ya vitanda na upande ambao madirisha hupokea upepo. Hakuna studio iliyouza picha ya namna hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mtalii wa kuinunua.

Kuhusu hali yake, mgongo wa ngozi umepasuka na picha za Naples zimegeuka manjano, jambo la kawaida kwa karatasi zilizopakwa ute wa yai na chumvi za fedha. Hayo nayavumilia. Nisilolivumilia ni kwamba ukurasa wa Baalbek una maelezo ya daktari kuhusu nguzo sita za hekalu la Jupita, na juu yake pana alama ya gundi tu: picha imebanduliwa, wala orodha ya mnada haikutaja hilo. Wapo wafanyabiashara wanaovunja albamu na kuuza kurasa zake rejareja kwa kuwa faida huwa kubwa zaidi, na kwa kufanya hivyo wanaua kitu ambacho hakiwezi kurudishwa, yaani mpangilio wa mtu mmoja aliyeamua kipi kikae karibu na kipi.

Anayetaka kununua albamu ya aina hii amwombe muuzaji taswira za kurasa zote, si zile zinazovutia tu, kisha alinganishe maelezo ya mkono na picha zilizobaki. Akishaipata, aiweke katika sanduku la kadibodi isiyo na asidi, mbali na mwanga, na asithubutu kuhamishia picha kwenye albamu za plastiki zenye gundi. Kwa anayeishi pwani, kabati kavu lenye hewa ni lazima, kwa sababu unyevu huleta ukungu kwenye karatasi hizi mapema kuliko joto linavyozidhuru.