Uzoefu wangu na testFixtures ya Gradle kwenye mradi wa mizani ya sangara

"Kaka, mbona mvuvi kalipwa mpaka kreti?" Karani wa mizani mwaloni, upande wa Ilemela, alinipigia alfajiri. Mzigo ulipimwa kilo 42.5, kreti tupu ni kilo 2.5, malipo yalitakiwa yawe ya kilo 40. Risiti ikatoka na 42.5. Na usiku ule majaribio yote ya programu yetu inayotoa risiti hizo yalikuwa yamepita.

Mradi ni wa Java, unajengwa kwa Gradle, chombo cha kukompaili msimbo na kuendesha majaribio, na una moduli tatu: msingi, mizani na malipo. Klasi ya kutengeneza mizigo ya mfano, MzigoWaMfano, tuliiandika ndani ya src/test, folda ya majaribio, ya msingi. Vilivyomo humo moduli nyingine hazivioni, kwa hiyo kila aliyeihitaji aliinakili. Tulipoanza kurekodi uzito wa kreti, nakala ya malipo ilisahaulika, ikabaki na kreti yenye uzito sifuri. Kwa mzigo wa namna hiyo, ukikokotoa vibaya au vizuri jibu ni lile lile.

Hapo ndipo nikaigeukia plagini ya java-test-fixtures, ambayo Gradle wanayo tangu toleo 5.6 la mwaka 2019. Inaiwezesha moduli moja kuzigawia nyingine fixture, yaani msimbo wa kusaidia majaribio kama klasi yetu ile. Niliiwasha kwenye msingi, nikahamishia klasi yetu src/testFixtures/java, kisha kwenye mizani na malipo nikaandika:

testImplementation(testFixtures(project(":msingi")))

Nikafuta nakala zote mbili, nikaendesha majaribio ya malipo. Yakaanguka papo hapo: ilitarajiwa 40.0, imepatikana 42.5. Namba zile zile za karani! Sijawahi kufurahia jaribio lililoanguka kama siku ile.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyobeba tegemezi, yaani maktaba ambazo fixture zinazihitaji. Maktaba ukiitaja kwa testFixturesApi, inamfuata kila anayetumia fixture zako. Kwa testFixturesImplementation, anayeandika majaribio yake haioni anapokompaili. Zamani kwenye Maven, chombo kingine cha kazi kama ya Gradle, nilitumia test-jar, faili la JAR lenye klasi za majaribio, na tegemezi za majaribio hazikufuata, ikabidi niziandike upya kila moduli. Mwongozo wa Maven wenyewe unashauri msimbo wa aina hii upewe moduli yake, na kwa aliye Maven nami nasema afanye hivyo.

Mambo mawili yaangalie mapema. Kama unachapisha maktaba kwa maven-publish, fixture zinachapishwa pamoja nayo usipozizuia. Sisi tulizigundua kwenye hazina yetu baada ya wiki kadhaa. Na kama unatumia module-info, faili la kutangaza moduli za Java lililopo tangu Java 9, zipe fixture kifurushi chenye jina tofauti na cha msimbo mkuu, maana mfumo wa moduli hauruhusu kifurushi kimoja kugawanywa kwenye moduli mbili. Chetu tumekiita msingi.mfano.

Mwenye moduli moja haihitaji. Ukifika mbili, iwashe kabla mtu hajanakili klasi ya kwanza.