Diski za kuhifadhi picha za harusi: ipi ununue kwanza

Mteja hakuulizi diski yako ina kasi gani. Anapiga simu miaka kadhaa baadaye, mama mzazi amefariki, anaomba kila picha aliyopigwa mama siku ya harusi, hata zile ambazo hazikuingia kwenye albamu. Ndiyo maana nimepanga orodha hii nikianza na kinachozilinda picha. Kasi inafuata nyuma.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) za takriban MB 25 hadi 30 kila moja. Picha 3,000 za sendofu na harusi zinakaribia GB 90.

Namba moja: diski ngumu mbili za nje, TB 4 kila moja. WD Elements, Seagate Expansion na Toshiba Canvio zote zinafaa. Chukua za kampuni mbili tofauti, ili kasoro ya toleo moja isizikumbe zote kwa pamoja. Nunua zile ndogo za inchi 2.5: zinapata umeme kwenye USB ya laptopu, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea na kazi. Zinaandika kama MB 130 kwa sekunde, maana yake harusi nzima inaingia kwa dakika 12 hivi. Kadi nyingi za SD za UHS-I (aina iliyo ya kawaida) hazivuki MB 100 kwa sekunde, hivyo wakati wa kushusha picha hata SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka) ya bei kubwa itakuwa inaisubiri kadi. Diski ngumu nyingi za ukubwa huu hutumia SMR, mfumo unaolaza mistari ya data ikipandiana. Ukifutafuta na kuandika upya zinazorota, lakini kwa kutunza kazi iliyokwisha hazina neno.

Moja ikae studio, nyingine nyumba tofauti kabisa. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo. Mwizi akiingia studio, au bomba likipasuka juu ya meza yako, hiyo ya nje ndiyo itakayokuokoa. Kwa walio pwani, chumvi ya hewa inakula viunganishi. Weka diski kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na pakiti za silika.

Namba mbili: SSD ya TB 1. Samsung T7 au Crucial X9 hufika MB 1,050 kwa sekunde. Hapa ndipo pa kuhariri, na ndiyo ya kubeba safarini, kwa sababu haina kitu kinachozunguka ndani, ikidondoka haidhuriki kirahisi. Tumia kebo yake. Kebo ya kuchajia simu huwa mara nyingi ni ya USB 2.0, na kasi yote inaishia hapo. Usiifanye ghala la kudumu: SSD ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data.

Namba tatu: wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kwa JPEG za mwisho tu. Kupakia TB 1 kwa kasi ya Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, siyo megabaiti) ni zaidi ya siku tisa mfululizo, usiku na mchana. JPEG ulizomkabidhi mteja ni mzigo mdogo, na zinatosha kukutoa aibu siku diski zote zikigoma.

Namba nne: NAS, yaani kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa ofisi, kama ya Synology yenye diski mbili. Inafaa studio yenye wahariri kadhaa, na lazima iwe na UPS, betri inayoishikilia umeme ukikatika. RAID 1, mpangilio unaoandika kitu kile kile kwenye diski zote mbili, hainakili kwa maana tunayoitaka: faili likifutwa kimakosa, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Flashi na kadi za memori ziwe za kubebea tu.

Ukienda Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi), ukiona "TB 16" kwa bei ndogo kuliko TB 1 ya duka la jirani, ipite. Hizo huonyesha ukubwa wa uongo, na faili za mwisho huandikwa juu ya zile za kwanza bila onyo. Dai risiti yenye namba ya diski, kisha ijaribu kwa programu ya kupima ukubwa halisi, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux kabla hujaweka picha hata moja. TB 4 itachukua usiku kucha na sehemu ya mchana, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kwanza kuhusu siku za kurudisha.