Seti ya kufumia soksi kutoka Kariakoo: kufuma nimekupenda, duka sirudi

Naandika hasira ikiwa bado juu, nanyi mnivumilie. Ni seti ya "wanaoanza kufuma soksi" niliyonunua kwenye duka moja Kariakoo, jina silitaji. Ndani mna sindano tano fupi za mianzi, zenye ncha pande zote mbili, madonge mawili ya uzi na karatasi ya maelekezo. Mimi naishi Njombe, na baridi ya huku Juni mpaka Agosti haina mzaha, kwa hiyo soksi za sufu nilizitaka kwa dhati, si kwa kupitisha muda.

Shida ni uzi. Lebo imeandikwa sufu asilimia 75, nailoni asilimia 25. Ndio mchanganyiko unaotakiwa kwa soksi: sufu inanyonya jasho huku ikikutunzia joto, nailoni inazuia kisigino kisichakae haraka. Bei ilikuwa ya sufu, nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Jirani yangu, mama mtu mzima anayefuma masweta ya watoto wachanga, aliupitisha uzi vidoleni mara moja tu akasema, "Mwanangu, hapa hakuna kondoo."

Akakata kipande, akakibana kwa kibanio cha nyusi, akawasha kiberiti. Sufu huungua kwa kusitasita, ukiondoa moto inazimika, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabonyeza yanasagika. Huu wetu ulidaka moto papo hapo, ukayeyuka, ukaacha tone jeusi gumu ambalo hata kwa ukucha halivunjiki. Akriliki hiyo, uzi wa plastiki. Nikalifunga lile tone kwenye karatasi pamoja na lebo.

Niliposhuka Dar kwa shughuli ya kifamilia nikapita dukani. Kijana wa kaunta ana umri wa mwanangu wa mwisho, na shikamoo hakunipa. Nikamwekea tone na lebo mbele yake, nikamweleza kwa utaratibu kabisa. Hakuangalia. Macho kwenye simu, akaniambia, "Mama, uzi ni uzi. Kama shida yako ni soksi, hapo nje wamachinga wanazo za bei chee, unajitesa nini?" Kisha akamgeukia mwenzake: "Hawa wa mikoani bwana." Wakacheka wote wawili.

Pesa nilishakubali kuwa imepotea. Kilichoniuma ni kile kicheko. Anayeuza vifaa vya kufumia anamwambia mteja kwamba kufuma ni kujitesa! Basi afunge duka auze maji baridi.

Niseme na mazuri, maana yapo. Karatasi ya maelekezo imeandikwa na mtu anayejua kazi. Inakuanzishia vitanzi 64, kumi na sita kila sindano, ya tano ndiyo inayofuma. Ukingo wa juu ni viwili vya mbele viwili vya nyuma, ili soksi ivutike na kubana mguu. Inakukumbusha ukaze uzi kila unapohama sindano, usije ukaacha mstari wa matundu. Ningeishia hapo ningewapa nyota tatu.

Ila sindano nazo! Moja ilianza kuchanika ncha, vijinyuzi vya mwanzi vikawa vinakwaruza uzi, halafu ikakatika katikati nikiwa nakaribia kisigino. Yule yule jirani aliniletea spoki za baiskeli alizozinoa ncha kwa jiwe, kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya, nikahamishia vitanzi vyote humo. Spoki ni nyembamba kidogo kuliko zile za mianzi, hivyo ufumaji ukabana zaidi, na kisigino ndipo panapotaka kubana. Kwa hiyo sehemu bora ya soksi yangu imefumwa kwa spoki, si kwa seti yao.

Hicho kisigino ndicho kilichonifanya nisitupe kila kitu jalalani. Unachukua nusu ya vitanzi, 32, unafuma kwenda na kurudi mpaka upate kipande karibu cha mraba. Halafu unapita katikati kidogo, unaunganisha viwili kuwa kimoja, na kabla hujamaliza mstari unageuza kazi, unarudi. Kila ukirudi unasogea mbele kidogo zaidi. Karatasini haieleweki hata kidogo. Mkononi, ghafla kitambaa kinajikunja chenyewe, kinakuwa kama bakuli dogo linalosubiri kisigino chako. Nilimwita mume wangu kutoka nje aje aone. Nilifurahi kama sijafurahi siku nyingi.

Nilitaka kusema basi, nimewasamehe, inunueni kwa ajili ya karatasi. Lakini nimezivaa zile soksi asubuhi ya umande kwenda shambani, na mpaka saa nne miguu ilikuwa imelowa jasho na baridi imeingia, kwa sababu akriliki hainyonyi kitu. Kazi yote ile ya mikono, halafu mguu baridi! Hapana. Nyota moja, na sibadilishi. Ukienda duka lolote Kariakoo, omba kipande cha uzi na kiberiti kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Na kama kuna mtu anajua panapouzwa uzi wa sufu ya kweli, Iringa, Mbeya au hata Arusha, aandike hapa chini. Nataka kuanza pea ya mume wangu kabla ya Juni, na spoki ninazo.