Kapu la kupikia: miezi minne ya maharage, michembe na bao

Kapu hili nililinunua soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, shilingi 30,000 baada ya kupatana sana. Sababu ni bao. Mama watoto ana zamu ya jioni siku tatu kwa wiki, na siku hizo chakula cha usiku ni juu yangu. Saa hizo hizo jirani yangu, mzee wa kunizaa, hutoa ubao wake na kuuweka juu ya jiwe bapa lililo kati ya nyumba zetu hapa Igogo. Bao la kiswahili ukiliingia hutoki kirahisi. Kila mtu ana kete 32, na mwanzoni 22 kati ya hizo ziko mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja, na kete moja tu inaweza kukugeuzia mchezo wote. Akili inahamia kwenye mashimo, jikoni hakuna mtu.

Wiki moja kabla ya kununua niliunguza sufuria mbili. Ya pili, binti yangu ndiye aliyekuja kuniita: "Baba, ndani kuna moshi." Watoto walilala na chai na mkate. Liliniuma sana, kesho yake nikaenda sokoni.

Kapu lenyewe halina moto. Ni kikapu kikubwa kilichoshonewa ndani vipande vya godoro na kitenge, na juu kuna mto mnene wa kufunikia. Unachemsha chakula jikoni, unakiingiza na sufuria yake, unafunika, unaendelea na shughuli zako. Joto lililomo ndani ndilo linaloivisha.

Muuzaji aliniambia chochote ukichemshe dakika tano, inatosha. Kwa maharage haitoshi, na hapa naomba mnisikilize. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na kinachoivunja ni mchemko wa nguvu. Ukiyawahisha kapuni yakiwa bado mabichi, yatakaa kwenye joto ambalo haliivunji, na watu watatapika na kuharisha. Mimi nayaloweka tangu asubuhi, namwaga yale maji, naweka mengine, nayachemsha yakitokota hasa nusu saa nzima, ndipo yanaingia. Tena sisi wa Mwanza tuko juu: ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki 100. Ukipewa muda wa kupika na mtu wa Tanga au Dar, ongeza.

Yakiingia saa tisa alasiri, saa moja usiku yamelainika. Nayarudisha motoni kidogo, naunga kitunguu na nyanya, yanatokota tena, tunakula. Zamani sufuria moja ilinimalizia makopo mawili ya mkaa. Sasa kopo moja linabaki.

Lakini kilichonifanya nilipende kapu hili ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Sikupanga. Jioni moja nilifungua kabati nikakuta mfuko wa michembe tuliyoletewa na bibi yao kutoka Misungwi, na karanga za kusaga nusu kikombe, basi. Mzee alikuwa ameshapanga kete. Nikaosha michembe, nikaichemsha robo saa, nikakoroga karanga kwa maji ya moto, nikamimina, ikatokota kidogo, nikafunika kapuni, nikatoka. Mwenye kupika karanga kwa mkaa anajua zinavyoshika chini usipokoroga. Kapuni hakuna moto wa kuzishikisha. Baada ya saa mbili na kitu nilikuta kila kipande kimevimba, kizima, hakijavurugika, na mchuzi wa karanga umekuwa mzito na umeingia mpaka ndani. Utamu wa kiazi umetoka wote, sikutia sukari. Watoto walikomba sufuria. Tangu siku hiyo siachi michembe iishe nyumbani.

Makongoro yamelishinda. Nilichemsha nusu saa, nikayaacha saa nne, nikayakuta magumu kama nilivyoyaweka. Yanataka saa mbili za moto kwanza, kapu liyamalizie. Sufuria iliyojaa nusu pia inapoa haraka, kwa hiyo nyumba ya watu wawili itafute kapu dogo.

Lawama yangu kubwa ni kwa aliyelishona. Kitenge cha ndani hakitoki. Mvuke unaingia kwenye godoro, na mwezi wa pili lilianza kunuka uchachu hata nikilianika juani kutwa. Chombo cha chakula hakitakiwi kushonwa hivyo. Nilimpelekea fundi cherehani, akafumua, akaweka zipu kwa 4,000. Sasa nafua kila Jumapili na harufu imekwisha. Ukienda kununua, ingiza mkono uangalie hapo kabla hujatoa hela.

Kwa maharage, makande na michembe ningelinunua tena leo hii. Alhamisi mzee alinifunga mara mbili mfululizo, nikafungulia sufuria palepale juu ya jiwe. Akaonja, akanyamaza kidogo, akasema, "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "na mimi nitafutie." Nimemwomba asubiri nimuulize muuzaji kama sasa anashona yenye zipu.